Niligoma kusaini mzigo ambao haukufika, sasa nimefukuzwa kazi kwa "utoro". Mliopita njia hii naomba mawazo

mwenye_daftari (mleta uzi):

Wakuu, shikamooni mlio wakubwa. Sitataja nchi wala halmashauri, maana shauri ni bichi na wahusika wananijua kwa jina na kwa sauti. Naomba msinibane kwenye hilo.

Nimefanya kazi ya ugavi katika serikali za mitaa miaka kumi na moja. Kazi yangu ni stoo. Mzigo ukiingia nauhesabu, nalinganisha na hati ya agizo, ndipo nasaini hati ya kupokea mali. Bila saini ya stoo mhasibu halipi.

Mwezi wa pili nililetewa hati ya makalavati ya barabara. Makalavati yenyewe hayapo. Mkuu wa idara akaniambia, "Saini tu, mzigo uko njiani, fedha hizi zisipotumika zinarudi." Nikamjibu kwa heshima kwamba ukifika hata usiku wa manane nitakuja kuuhesabu, ila kwa sasa sina nilichokipokea. Wiki mbili baadaye napitia orodha ya malipo, nakuta mzabuni ameshalipwa na hati iliyoambatishwa ina saini inayofanana na yangu. Si yangu. Herufi ya mwisho mimi huivuta chini, ile imepinda juu.

Tarehe 6 Machi niliandika dokezo kwa mkurugenzi, kurasa mbili, nikataja namba ya hati na tarehe ya malipo. Kimya. Nikakumbusha kwa mdomo mara mbili. Tarehe 20 Mei nikaandikia chombo cha kuchunguza rushwa, nikaambatisha nakala mbili, nikaweka na jina langu.

Tarehe 3 Juni naitwa, naambiwa kwa mdomo kwamba kuanzia kesho nimehamishiwa ofisi ya kata ya mbali. Nikaomba barua. "Itakufuata." Haikunifuata, nami nikaendelea kufungua stoo kila asubuhi na kusaini daftari la mahudhurio. Tarehe 17 Juni nakabidhiwa hati ya mashtaka: kosa la kwanza utoro wa siku tisa katika kituo kipya, la pili kutoa nyaraka za ofisi bila idhini. Tarehe 8 Julai kamati ya nidhamu ikakaa kama dakika ishirini. Aliyekalia kiti cha mwenyekiti ni mkuu wa idara yule yule. Hapo mezani ndipo nilipoiona barua ya uhamisho kwa mara ya kwanza, imeandikwa tarehe 2 Juni. Nilipotaja daftari la mahudhurio nikaambiwa hilo si la kituo changu kipya. Barua ya kufukuzwa ina tarehe 15 Julai, nimekabidhiwa 22 Julai. Leo ni tarehe 27.

Wenzangu niliokula nao mchana miaka yote, leo wakiniona barabarani wanavuka upande wa pili. Na kwenye jalada langu nimeandikwa mtoro.

Swali langu ni moja. Barua hazisemi popote kwamba nimefukuzwa kwa kuripoti. Je, nina hoja?

kiti_cha_nyuma:

Pole sana dada. Umeundiwa zengwe mchana kweupe. Naweka kambi hapa nijifunze.

Jembe la Chama:

Pole mwenzetu. Nimekaa upande wa wafanyakazi kwenye vikao vya nidhamu miaka mingi, nikupe ninachokijua.

Kabla ya yote, HESABU SIKU. Kesi nyingi za namna hii hazishindwi kwa kukosa haki, zinashindwa kwa kuchelewa. Afrika Kusini mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30. Texas, mtumishi wa umma aliyelipiziwa kisasi kwa kuripoti ana siku 90. Uingereza kuna ombi la dharura la kulinda ajira mpaka kesi iishe, nalo linataka uwe umelipeleka ndani ya siku 7 tangu ajira ilipokoma. Siku saba! Wengi hulisikia wiki ya tatu. Wewe una tarehe mbili, 15 na 22 Julai. Sheria ya kwenu huenda inahesabu tangu siku uliyopokea, lakini wewe jihesabie tangu 15, usimpe mtu nafasi ya kubishana. Bahasha ya barua ile usiitupe, na andika leo tarehe, saa na jina la aliyekukabidhi.

La pili ni mlango. Mtumishi wa serikali za mitaa mara nyingi ana njia yake ya rufaa, tofauti na mfanyakazi wa kampuni. Tanzania, kwa mfano, tangu marekebisho ya mwaka 2016 mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza ngazi za rufaa zilizomo kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kugusa vyombo vya sheria za kazi. Wapo waliokimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya muda, na shauri likatupwa kwa sababu walibisha hodi nyumba isiyo yao. Huku wamehangaika, siku za rufaa sahihi nazo zimeisha. Kwa hiyo wiki hii, si wiki ijayo, mwone mwanasheria au ofisi ya chama, umuulize swali moja tu: rufaa yangu inaanzia wapi na mwisho wake ni tarehe ngapi?

Sasa swali lako. Hakuna mwajiri atakayeandika "tumekufukuza kwa kuwa umeripoti". Sijawahi kuiona barua hiyo na sitegemei kuiona. Kisasi huja kimevaa nguo za nidhamu: utoro, lugha chafu, upotevu wa funguo, tathmini iliyoshuka ghafla. Kwa hiyo anayesikiliza shauri hatafuti ungamo. Anatazama aliyeamua alijua lini kwamba umeripoti, umbali kati ya siku aliyojua na siku mambo yalipoanza, kama kosa unaloshtakiwa lina miguu, na wengine waliofanya kosa kama hilo walipewa adhabu gani. Wewe kutoka 20 Mei hadi 3 Juni ni wiki mbili. Huo si ushahidi kamili, ila ni mlango umefunguka. Tatizo ni hili: unaweza kuthibitisha kwamba wao walijua kuhusu barua ya 20 Mei?

mwenye_daftari:

Asante kaka. Barua ya Mei sina uhakika waliijua lini, ila tarehe 29 Mei wachunguzi wawili walikuja ofisini wakaomba jalada la zabuni ile. Ofisi nzima iliwaona. Dokezo la Machi lina muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo nyumbani.

Upepo Mkali:

Mimi naona unapoteza muda na kamati. Mwaga kila kitu kwenye vyombo vya habari. Hati, saini ya kughushi, majina. Wakianza kuulizwa na wananchi watakurudisha wenyewe.

Shahidi wa Pili:

@Upepo Mkali, nia yako njema, ila ushauri huo umewamaliza watu. Swali la kwanza katika sheria hizi huwa "ulimwambia nani", na jibu linabadilika nchi hadi nchi.

Marekani mwaka 1968 Mahakama Kuu ilimpa haki mwalimu Marvin Pickering wa Illinois. Alifukuzwa kwa sababu ya barua aliyoiandikia gazeti, akikosoa jinsi bodi ya shule ilivyosimamia fedha. Mahakama ikasema mtumishi wa umma hapotezi haki ya kusema jambo linalowahusu wananchi kwa kuwa tu ameajiriwa. Ukiishia hapo utasema twende gazetini. Lakini mwaka 2006 ikaja ya Ceballos, mwendesha mashtaka wa kaunti ya Los Angeles, aliyeandika ndani ya ofisi kwamba hati ya kuombea kibali cha upekuzi ina maelezo ya uongo. Akashindwa, kura tano kwa nne. Sababu: aliandika kama sehemu ya kazi yake, na maneno ya kazini katiba haiyalindi. Yaani aliyefuata utaratibu, akamwambia bosi wake, ndiye aliyebaki bila ngao ile.

Na sheria ya Texas ya kulinda watoa taarifa inataka uwe umeripoti kwa chombo chenye mamlaka ya kutekeleza sheria yenyewe. Mwaka 2013 mahakama ya juu ya jimbo lile ilisema kumwambia msimamizi wako tu hakutoshi. Uingereza ni kinyume. Sheria ya mwaka 1998 inampa ulinzi mwepesi kabisa anayeanza kwa mwajiri wake, masharti yanaongezeka akienda kwa mdhibiti, na yanakuwa magumu sana akienda kwa umma.

Ndiyo maana nasema dada alifanya jambo la maana: ndani kwanza, kwa maandishi, kisha chombo chenye mamlaka. Hiyo ngazi inasimama karibu kila mahali. Akiruka sasa kwenda hadharani na zile hati, kosa la pili aliloshtakiwa, la kutoa nyaraka, ambalo leo ni dhaifu, atakuwa amelitia nguvu kwa mikono yake.

Nakala ulizoambatisha dada, ulimpa mtu mwingine yeyote?

mwenye_daftari:

Hapana. Chombo cha uchunguzi peke yake. Mume wangu mwenyewe hakuziona.

Shahidi wa Pili:

Basi shikilia hapo hapo. Sheria nyingi zinatofautisha kuvujisha siri na kumpa taarifa mchunguzi aliyewekwa kisheria. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema wazi kwamba si sababu halali kumwachisha mtu kwa kutoa taarifa ambayo sheria inamruhusu au inamtaka aitoe, na mwaka 2015 ikaongezeka sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Afrika Kusini kumfukuza mtu kwa taarifa iliyolindwa kunahesabiwa moja kwa moja kuwa si halali, na fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 24.

Kwa wengine mnaosoma na bado mko kazini: msichukue nyaraka halisi, hata moja. Andika namba ya hati, tarehe, kiasi na jalada ilimo. Mchunguzi ana mamlaka ya kuifuata. Ukiondoka na hati halisi umewapa kesi ya wizi.

Mzee wa Idara:

Nimekuwa mkuu wa idara kabla ya kustaafu, na nitasema ambalo halitapendwa. Siyo kila anayeripoti ni mtu safi. Nimewahi kuwa na kijana ambaye kila alipokaribia kuchukuliwa hatua alikimbia kuandika malalamiko juu ya mtu, kisha akisemeshwa anasema analipiziwa kisasi. Hatua dhidi yake zilikuwa za haki. Malalamiko yale yalikuwa mwavuli wake wa mvua.

Mahakama zinalijua hili. Mwaka 1977, kwenye shauri la mwalimu Doyle na bodi ya shule za mji wa Mt. Healthy huko Ohio, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hata kama maneno yaliyolindwa yalichangia, mwajiri apewe nafasi ya kuonyesha kwamba angefikia uamuzi ule ule hata bila maneno hayo. Doyle alikuwa na mambo mengine, ugomvi na wenzake, ishara za matusi kwa wanafunzi. Kwa hiyo mwanangu jiulize kabla ya wao kukuuliza: kwenye miaka kumi na moja kuna barua ya onyo? Kuna upotevu wowote stoo? Ukificha kwa wakili wako, utaumbuka mbele ya kikao.

Hata hivyo nikiri. Ninavyousoma uzi huu, hili la mwenyekiti kumhukumu mtu aliyemtaja kwenye dokezo linanitia aibu kwa niaba ya wenye vyeo. Mimi ningetoka kwenye chumba kile bila kuambiwa.

mwenye_daftari:

Shikamoo mzee. Nimelipokea. Barua ya onyo sina. Mwaka wa tatu kazini niliwahi kupungukiwa rimu za karatasi kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka, nikaandika maelezo, yakakubaliwa. Nitamwambia wakili hata hilo.

Jembe la Chama:

Mzee wa Idara heshima yako. Nami niongeze kwenye la mwenyekiti. Je dada, ulipinga pale pale kikaoni? Kama ulipinga, hakikisha muhtasari wa kikao unaonyesha. Kama hukupinga kwa woga, bado liandike kwenye rufaa, kwamba uliyemripoti ndiye aliyekuhukumu.

Na dakika ishirini si kikao. Mwaka 1985 kwenye shauri la Loudermill, mlinzi wa shule za Cleveland, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba mtumishi wa umma mwenye ajira ya kudumu lazima aelezwe tuhuma, aelezwe ushahidi uliopo na apewe nafasi ya kujibu KABLA ya kufukuzwa. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka aelezwe kwa lugha anayoielewa, na awe na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama pembeni yake. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, una jambo hilo la kusikilizwa, na unataja waziwazi kwamba kumlalamikia mwajiri kwa kuvunja sheria, au kwenda kwenye mamlaka husika, si sababu halali ya kuachishwa kazi. Nchi nyingi hazijauridhia, ila majaji huusoma. Wewe umeonyeshwa barua ya uhamisho mezani, siku ya kikao. Utaijibuje karatasi unayoiona kwa mara ya kwanza?

mama_wawili:

Nimekaa siku mbili najiuliza niandike au nisiandike.

Mume wangu alikuwa fundi wa maji wa halmashauri. Aliripoti pampu iliyonunuliwa mara tatu kwenye vitabu na mara moja kisimani. Yeye hawakumfukuza. Walimnyang'anya gari, wakamwondolea wasaidizi, wakamweka chumba kisicho na meza. Anakwenda asubuhi, anakaa, anarudi. Miezi mitano hivyo. Akaacha kuzungumza na watoto. Siku moja akaandika barua ya kuacha kazi kwa hasira, mistari miwili, "naacha kazi kwa sababu binafsi".

Maneno hayo "sababu binafsi" ndiyo yaliyotumaliza. Tulipokuja kudai kwamba alilazimishwa kuacha, wakatoa barua yake. Na kwenye malipo yake ya mwisho alikuwa amesaini karatasi iliyosema amelipwa haki zote na hana dai lolote. Alisaini kwa sababu tulikuwa tunahitaji ada.

Dada, wewe angalau walikufukuza, una barua yao. Wakikuita kwa malipo ya mwisho soma kila mstari. Ukilazimika kupokea, andika kwa mkono wako juu ya saini kwamba unapokea bila kuacha haki yako ya kudai. Na mume wako, mwambie akae karibu. Ukimya wa nyumbani unaua kuliko wa ofisini.

mwenye_daftari:

Mama wawili, nimesoma nikalia. Mpe pole sana shemeji. Nimemwonyesha mume wangu maneno yako.

kiti_cha_nyuma:

Swali dogo, samahani kama ni la kijinga. Mshahara wa Juni ulikatwa zile siku tisa?

mwenye_daftari:

Haukukatwa. Nimeangalia hati ya mshahara sasa hivi. Umeingia wote.

kiti_cha_nyuma:

Basi kama walikuhesabu mtoro siku tisa, kwa nini walikulipa siku tisa? Mhasibu wao alikuona kazini, kamati haikukuona. Tia hiyo kwenye rufaa.

Jembe la Chama:

Swali hilo halina ujinga hata chembe. Dada, hati hiyo ichapishe leo kabla hawajakufungia mfumo.

Karani Mstaafu:

Nimefanya kazi masijala maisha yangu yote. Watu hutazama tarehe kwenye barua. Sisi masijala tulitazama folio.

Kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba kwa mfuatano: folio 40, 41, 42. Tarehe mtu anaweza kuandika anayotaka. Folio ni ngumu kudanganya, maana iliyotangulia na iliyofuata zinamshuhudia mwenzake. Barua ya uhamisho ya tarehe 2 Juni ilipaswa kuwa na namba ndogo kuliko hati ya mashtaka ya 17 Juni, kwa sababu zote ni za jalada lako binafsi. Kama unayo nakala ya barua ile waliyoitoa kikaoni, tazama kona ya juu kulia. Kisha tazama hati ya mashtaka.

Vilevile kuna rejista ya barua zinazotoka na kitabu cha kukabidhi barua ambacho mpokeaji husaini. Kama barua ilitoka 2 Juni, iko humo. Andika maombi ya nakala ya rejista hizo na daftari la mahudhurio leo hii, upate muhuri kwenye nakala yako. Hata wakikunyima, maombi yenye muhuri yanakusaidia: daftari likija "kupotea" baadaye, itaonekana lilipotea baada ya wewe kuliomba.

Upepo Mkali:

Naufuta ushauri wangu wa mwanzo. Ila niulize, kwa nini hakuripoti bila jina? Si ingemwepushia haya yote?

Shahidi wa Pili:

Swali zuri, na ndipo serikali za mitaa zilipo na ugumu wake. Kwenye wizara yenye watu elfu kadhaa barua isiyo na jina inaweza kubaki haina jina. Kwenye halmashauri, hati ya makalavati imepita mikononi mwa watu wangapi? Stoo, ununuzi, mhasibu, mkuu wa idara. Wachunguzi wakiomba jalada lile, jioni hiyo hiyo watu wameshajua nani kasema. Mzabuni ni rafiki wa diwani, diwani yuko kwenye kamati ya fedha, mke wa mhasibu anasali na mke wa mkurugenzi. Jina halihitaji kuandikwa. Na ukiripoti bila jina halafu wakakufukuza, unabaki na kazi ya kuthibitisha kwamba ni wewe uliyeripoti.

Umoja wa Ulaya ulitunga maelekezo yake mwaka 2019, na yana jambo zuri sana: aliyeripoti akipata madhara, mwajiri ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha kwamba si kisasi. Lakini yanaruhusu nchi kuzisamehe manispaa zenye wakazi chini ya 10,000, au wafanyakazi chini ya 50, zisilazimike kuwa na njia ya ndani ya kupokea taarifa. Huko kudogo ambako kila mtu anamjua mwenzake ndiko hofu ilikojaa, nako ndiko wanakosamehewa.

Na tusisahau usalama wa mwili. Januari 2009 Jimmy Mohlala, spika wa baraza la manispaa ya Mbombela, Afrika Kusini, alipigwa risasi nyumbani kwake akiwa ametoka kufichua uchafu kwenye zabuni za uwanja wa Kombe la Dunia. Dada, ukitishwa hata kwa utani, andika tarehe na maneno yenyewe, na umwambie mchunguzi wako siku hiyo hiyo.

Mzee wa Idara:

Kuna shauri jingine la kumtia moyo. Edward Lane alisimamia programu ya vijana kwenye chuo cha umma Alabama, akakuta mtumishi hewa kwenye orodha ya mishahara, tena mbunge wa jimbo. Akamwondoa, akatoa ushahidi mahakamani, naye akaondolewa kazini. Mwaka 2014 majaji wote tisa walisema ushahidi wake ulilindwa. Lakini yule aliyemfukuza hakulipa fidia kutoka mfukoni, kwa hoja kwamba wakati ule sheria haikuwa imekaa wazi. Nasema hivyo ili mwanangu ujue mapema kwamba kushinda hoja na kulipwa ni safari mbili. Ukipata kazi nyingine halali wakati unasubiri, ichukue. Wasikilizaji wengi huuliza ulifanya nini kupunguza hasara yako, na nyumbani wanakula.

mwenye_daftari:

Wakuu, mrejesho. Leo ni 9 Agosti.

Rufaa nimeiwasilisha tarehe 6, mlango sahihi kwa mujibu wa wakili wa chama, nakala yangu ina muhuri. Tumeweka hoja nne: sikupewa barua ya uhamisho, nilikuwa kazini, aliyenihukumu ndiye niliyemripoti, na nyaraka nilimpa mchunguzi wa kisheria tu. Hati ya mshahara imeambatishwa kwenye hoja ya pili. Asante @kiti_cha_nyuma.

Daftari la mahudhurio nililiomba kwa maandishi tarehe 28 Julai. Tarehe 4 wamenijibu kwamba la mwezi Juni "halijaonekana". Lakini daftari la getini ni la kampuni ya ulinzi, si la halmashauri, na mkuu wa walinzi amekubali kuandika maelezo. Siku zote tisa nimo, saa ya kuingia na ya kutoka.

Na Karani Mstaafu, Mungu akuweke. Nimekaa na zile karatasi mbili usiku, mume wangu ameshika taa. Hati ya mashtaka ya 17 Juni ni folio 87. Barua ya uhamisho ya 2 Juni ni folio 91.

Karani Mstaafu:

Hapo kati, 88, 89 na 90 ni nini? Omba hizo pia.

mwenye_daftari:

88 ni majibu yangu ya mashtaka ya tarehe 24 Juni. Nakala ninayo, muhuri upo na namba ya folio imeandikwa kwa mkono. 89 na 90 sizijui. Kesho asubuhi napeleka maombi.